Foleni kwa Pumzi Moja

Pale kwenye mashine ya kusaga, mtu akiwa na neno ilimbidi aliseme sikioni. Mota ilikuwa na kelele zake, mkanda na zake, na vile vyuma vya ndani vinavyoponda nafaka ndivyo vilivyotia fora. Kwa hiyo mteja aliinama, akazungushia kiganja mdomo, akapaza sauti ndani ya sikio la mwenye mashine: laini au chenga, debe zima au nusu, mtoto amepona, mama mkwe anasalimia. Mwenye mashine naye aliinama kwenye sikio la mteja akajibu hivyo hivyo. Mtaa mzima uliongea na Mama Mashine kwa njia hiyo kwa miaka ishirini na sita, mdomo kwa sikio, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Jina la Mama Mashine alipewa na wateja, likamganda. Mumewe alipofariki alimwachia mashine ile, nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa pua na mdomo na mashine, na kicheko alichokuwa nacho tangu usichana ambacho hata msiba haukukimaliza. Hakujaaliwa mtoto. Mdogo wake wa kike, waliyepishana miaka tisa, alikuja msibani kumliwaza kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

Huyu mdogo mtu ndiye tunayemfuata hapa, ingawa mwenyewe angekataa katakata. Wateja walimwita Bi Wasiwasi, na hawakumwonea. Alikuwa mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama mlango umefungwa. Wingu likipita tu, yeye ameshaanua nguo, zake na za jirani. Mashine ikibadili mlio kidogo, alisimama akashika kifua.

"Mdogo wangu," dada yake alizoea kumwambia, "siku moja utaogopa mpaka kivuli chako."

"Kivuli changu nakijua," alijibu. "Naogopa nisivyovijua."

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo watu walikuja kulisikiliza hata wasipokuwa na cha kusaga. Asubuhi wateja walipanga madebe na mifuko yao sakafuni kwa mstari, kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine, kisha wakaenda kukaa barazani. Hapakuwa na namba wala karatasi; wateja wa asubuhi walikuwa wale wale, kila mmoja na nafasi yake ya miaka yote. Sakafu ilibeba mizigo kumi na mitatu, zaidi ya hapo hapana, na Mama Mashine aliipitia kwa macho mara moja tu. Halafu alisimama mlangoni, akajaza kifua, akaisoma foleni yote kwa pumzi moja.

"Mkunga, mwalimu, fundi redio, mama mapacha, mpiga rangi, wa mkokoteni, bibi wa kuku, fundi bomba, mke wa fundi bomba, shangazi mrefu, shangazi mfupi, mzee wa baiskeli, na muuza mikeka."

Huyo wa mwisho alimvuta mpaka watu wakapiga makofi. Fundi bomba na mkewe walisomwa mbalimbali kwa sababu bwana alitaka chenga na bibi alitaka laini, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuna aliyekubali kushindwa. Foleni ikishasomwa hivyo, imesomwa. Hakuna aliyethubutu kuisogeza.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Wenyewe walikiita kikohozi cha unga, wakakizoea, kama walivyozoea kurudi nyumbani na nyusi nyeupe. Halafu foleni ikaanza kukatika njiani. Mwaka ule pumzi ilimfikisha kwa shangazi mfupi. Mwaka uliofuata ilikomea kwa fundi bomba, mkewe akalazimika kusubiri pumzi ya pili, na watu barazani wakaangua kicheko wakidhani ni utani. Mama Mashine mwenyewe alicheka nao, akiwa ameshika fremu ya mlango.

Bi Wasiwasi hakucheka. Alimkokota dada yake hospitali, hataki anataka.

Daktari aliyewapokea alikuwa na sauti ya chini na subira nyingi. Alimpa Mama Mashine mrija apulize, akamwambia apulize tena, na mara ya tatu. Kisha akawaeleza wote wawili. Njia za hewa zimevimba kwa ndani, akasema, na uvimbe huu ni wa kukaa; hauondoki, bali unaweza kutulizwa usizidi. Akampa pampu mbili za kuvuta dawa, moja ya kila siku ya kutuliza uvimbe, nyingine ya kufungua kifua kinapobana.

"Na jihadhari na mambo mawili, mama. Vumbi, na mafua. Kwa mtu mwingine mafua ni siku tatu, yamekwisha. Kwako wewe yanaweza kuwa kitu kingine kabisa."

Bi Wasiwasi aliyasikia yote mawili, kwa masikio yake. Tatizo ni kwamba vumbi lilikuwa linaonekana. Lilikuwa juu ya rafu, kwenye kope za dada yake, ndani ya kikombe cha chai. Mafua je? Nani hajaugua mafua? Mwanamke huyu aliyeogopa umeme, mbwa, ngazi, maji yaliyosimama na barua zenye mhuri, hakuyaogopa mafua hata chembe, kwa kuwa tangu utotoni yalikuja kila mwaka yakaondoka bila kumdhuru mtu.

Basi akatangaza vita na vumbi. Alimleta fundi akajenga ukuta wa mbao kutoka sakafuni mpaka darini, ukaigawa nyumba ya mashine sehemu mbili. Nyuma ilibaki mashine na unga wake. Mbele kikapatikana chumba kidogo cha mapokezi, kisicho na upana wa kitanda, chenye dirisha dogo la kutazama barazani, na chini ya ukuta kishimo cha kupitishia madebe. Nyufa zote zilizibwa kwa vitambaa. Bi Wasiwasi alijifunga kitambaa puani akaichukua mashine yeye. Dada yake alimweka mbele, dirishani.

"Hapa hapana vumbi," alisema kwa fahari. "Kazi yako ni kupokea, kusoma foleni, na kukaa."

"Umenifanya karani," Mama Mashine alisema, akaketi.

Lakini ukuta wa mbao unazuia unga, hauzuii kelele. Mteja akifika dirishani alisema neno, halikusikika, akarudia, halikusikika, mwishowe alifanya alichokuwa amekizoea. Aliingiza kichwa na mabega dirishani, akazungushia kiganja mdomo, akapaza sauti sikioni kwa Mama Mashine. Zamani jambo hilo lilifanyika katika banda wazi lenye milango miwili na upepo unaopita. Sasa lilifanyika katika kijichumba kilichozibwa kila ufa, watu kumi na watatu kwa zamu, asubuhi na mchana.

Miezi mitatu ya kwanza Bi Wasiwasi alitembea kifua mbele. Dada yake alianza kupata pumzi. Foleni ilivuka kwa mke wa fundi bomba, ikamgusa shangazi mrefu, na siku moja ikafika kwa shangazi mfupi. Bi Wasiwasi aliisikiliza kupitia mbao huku akihesabu kwa vidole, na alipofika kumi na moja, vidole vikiwa vimekwisha, alibusu ngumi yake. Alimwambia kila mtu kwamba dada yake anapona. Daktari hakuwa amesema neno hilo, lakini ulimi hauna breki.

Kisha baridi ikaingia, na mvua. Mtaa mzima ukaanza kuvuta kamasi. Fundi redio alikuja amejizonga skafu shingoni, macho mekundu, akaingiza kichwa dirishani. "Chenga, mama, na usi—" akapiga chafya iliyoinua unga kidogo uliokuwapo kwenye kizingiti. Bi Wasiwasi aliona yote kupitia tundu dogo alilojiachia kwenye mbao, uso wa dada yake ulivyofumba macho na kukunja pua, na fundi redio alivyobaki mdomo wazi, na akacheka mpaka kitambaa kikamtoka puani. Kicheko hicho kilikuja kumrudia baadaye mara nyingi, na hakikumchekesha tena.

Wiki hiyo hiyo mafua yalimpata na yeye. Alifuta pua kwa mkono, akabeba magunia, na siku ya tatu alikuwa mzima. Dada yake naye alianza siku ile ile, pua ikitiririka. Siku ya pili koo liliwasha. Siku ya tatu, wakati mdogo mtu amepona, yeye yalimteremkia kifuani.

Bi Wasiwasi alilijua hilo kupitia mbao. Asubuhi ya jana yake foleni ilifika kwa bibi wa kuku. Asubuhi hii ilikatika kwa mama mapacha. Alisimama na mkono kwenye swichi ya mashine, akangoja aendelee, na pumzi ya pili ilipokuja akaiachia swichi akaenda mapokezi.

"Dada, twende hospitali."

"Ni mafua," Mama Mashine alisema. Akavuta hewa. "Uliyapata wewe." Akavuta tena. "Mbona uko hai."

"Unasema nusu nusu."

"Nasema polepole." Akavuta. "Nimekuwa mtu mzima mwenye heshima."

Bi Wasiwasi alicheka kwa adabu tu. Jioni ile aliona makohozi kwenye kitambaa cha dada yake yamebadilika, yamekuwa mazito, rangi ya majani yaliyooza. Aliona pia kwamba ile pampu ya kufungua kifua, iliyokuwa ikitolewa mara moja kwa juma, sasa haikutoka mkononi. Alisema kesho ni lazima twende. Mama Mashine akasema sawa, tukimaliza foleni ya asubuhi. Na hapo, mtu aliyeogopa kila kitu akakubali. Watu wamekuja na mizigo yao, alijiambia, hatuwezi kuwafukuza. Kumi na watatu tu, kisha twende.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mashine ilikuwa inanguruma, debe la mwalimu limekwisha, na Bi Wasiwasi akainama kwenye kishimo kupokea la fundi redio. Halikuja. Alingoja. Alidhani wanapiga soga dirishani, kwa sababu dada yake alikuwa hodari wa soga. Akagonga ukuta kwa ngumi, na hapo hapo akakumbuka kwamba kwa kelele zile hata yeye mwenyewe hausikii mlio wa ngumi yake. Akainama tena. Kishimoni mahindi yalikuwa yanatiririka, punje kwa punje kwanza, halafu yakaja kwa wingi, yakatawanyika miguuni pake. Mtu alikuwa ameangusha debe upande wa pili na hakuliinua.

Akazima swichi. Mashine ile haikuwa ya kunyamaza mara moja. Mkanda ulizunguka, ukapunguza, ukazunguka, na kadiri kelele ilivyoshuka ndivyo sauti nyingine ilivyopanda kutoka nyuma ya mbao. Ilikuwa filimbi nyembamba, ya kuingia na kutoka, yenye kasi. Mpaka leo haambii mtu sauti ile ilikuwaje. Anasema tu kwamba aliijua kabla hajafungua mlango.

Mama Mashine alikuwa ameketi ameinama mbele, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda mpaka masikioni kila alipovuta hewa. Midomo ilikuwa rangi ya jivu. Barazani wateja walikuwa wamejazana dirishani, kila mmoja amekosa la kufanya, na hewa waliyomzibia wala hawaioni. Mama Mashine alimwona mdogo wake, akainua kidole.

"Anayefuata," alisema. Filimbi. "Fundi." Filimbi. "Redio."

Alikuwa bado anasoma foleni. Bi Wasiwasi akajisikia anapiga kelele kwa sauti asiyoijua, "Tokeni dirishani, mpisheni apate hewa." Walitoka wote kama walioguswa na moto. Wa mkokoteni alikuwa ameshamwaga mizigo yake barabarani bila kuulizwa.

Walimkalisha mkokotenini juu ya magunia matupu. Mkunga alisema msimlaze, akilala ataishiwa, kwa hiyo Bi Wasiwasi alipanda nyuma yake akamkumbatia wima, kifua chake kwenye mgongo wa dada yake, na njia nzima aliuhisi mgongo ule unavyofanya kazi. Mwenye mkokoteni alikimbia. Gurudumu moja lilikuwa bovu, likapiga kila shimo la barabara. Walipita duka la vifaa vya ujenzi, walipita kona ya mafundi viatu, walipita shule ambako watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha, na Bi Wasiwasi, roho mkononi, alikuwa anahesabu pamoja nao bila kujua. Mbili mara tatu. Pumzi. Mbili mara nne. Pumzi. Kati ya mbili mara saba na mbili mara nane pumzi ilichelewa, na moyo wake ukasimama pamoja nayo.

Hospitali wakabana kidole cha Mama Mashine kwa kile kibanio kinachosoma hewa ya damuni. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma namba, themanini na moja, akaita wenzake bila kupandisha sauti. Bi Wasiwasi hakujua themanini na moja ni nzuri au mbaya. Alijua tu kwamba wauguzi walianza kutembea haraka. Waliweka mrija wa hewa puani, wakaweka barakoa ya dawa ya mvuke, wakatafuta mshipa mkononi. Yeye akatolewa nje, kwenye benchi la ukuta wa kijani.

Kwenye benchi lile aliogopa kuliko siku zote alizowahi kuogopa, na ikumbukwe tunamzungumzia nani. Woga wake wa kila siku ulikuwa na maneno mengi. Huu haukuwa na hata moja. Alikuwa bado na kitambaa cha unga shingoni na punje za mahindi ndani ya viatu, na hakuthubutu kuzitoa, kana kwamba akizitoa jambo fulani litakamilika.

Baada ya muda mrefu yule muuguzi alitoka akaketi kando yake.

"Ametulia kidogo. Bado hatujavuka, lakini ametulia. Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Alianza lini?"

"Mafua tu, mama. Siku nne. Mimi mwenyewe niliyapata, yakaisha."

"Yako yaliisha kwa sababu njia zako ni pana," muuguzi alisema. "Zikivimba kidogo, bado pana nafasi. Zake zimevimba miaka yote, hata siku anazocheka. Mafua yakiingia mle yanakuta mwili uko vitani tayari, yanauchochea zaidi. Zinavimba juu ya uvimbe, zinabana, makohozi yanajaa, hayatoki. Na yasipotoka, vijidudu vingine vinapata pa kukaa. Hapo ndipo mnayaona yamebadilika rangi." Akavua miwani akaipangusa. "Tutamtibu. Ila nikwambie ukweli, maana wewe ndiye unayekaa naye. Kila likitokea kama hili, kifua hakirudi pale pale kilipokuwa. Kinarudi, lakini kuna kitu kinaachwa njiani."

Bi Wasiwasi aliitikia kwa kichwa.

"Anafanya kazi gani?"

"Mashine ya kusaga. Lakini nilimtoa kwenye vumbi," alisema upesi. "Nilimjengea ukuta. Nilimweka dirishani, kazi yake ni kupokea watu tu."

"Kwenye kelele zile? Wanasikizanaje?"

"Ah, sisi tumezoea. Mtu anakuja hivi," akasema Bi Wasiwasi, akainama, akazungushia kiganja mdomo, akausogeza kwenye sikio la muuguzi amwonyeshe. Pumzi yake mwenyewe ikagonga shavu la yule mama, ikamrudia usoni, ya moto. Muuguzi akasogea nyuma kidogo, bila kukusudia, kama ambavyo mtu yeyote angesogea.

Bi Wasiwasi alibaki ameinama vile vile, kiganja mdomoni. Aliona dirisha. Aliona kichwa cha fundi redio ndani yake, cha mkunga, cha mama mapacha na watoto wake wawili wenye kamasi, vichwa kumi na vitatu, asubuhi na mchana, katika chumba alichokiziba nyufa kwa mikono yake. Machozi yalimtoka kabla hajaketi.

Mama Mashine alilazwa siku tisa. Tatu za kwanza hakuongea. Mdogo wake alikaa kando ya kitanda akikitazama kibanio cha kidoleni, themanini na sita, themanini na tano, themanini na nane, akawa anaogopa kupepesa macho isije namba ikashuka. Siku ya nne mgonjwa aliomba chai. Siku ya tano Bi Wasiwasi akapiga moyo konde akasema lililomkaa kooni.

"Dada. Ni mimi niliyekuweka pale."

Mama Mashine aliweka kikombe kando. "Daktari nilimsikia," akasema. "Alisema mafua. Nilimsikia vizuri."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ungeniweka wapi?" Akapumzika. "Miaka ishirini na sita watu wananisemea sikioni. Nani kazaa. Nani kafumaniwa." Akapumzika tena. "Nikitolewa hapo, nitasikia nini?"

"Utanisikia mimi," Bi Wasiwasi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mkokoteni alikuwa na hasira, hasira kali ya mtu aliyekaribia kuachwa peke yake katika vyumba viwili. Dada yake aliunyoosha mkono wenye mrija akaushika wake. Mkono ulikuwa mwepesi mno.

Waliporudi, mambo yalibadilishwa. Vitambaa vyote vilitolewa nyufani upande wa barazani na dirisha likapanuliwa mara mbili. Mpiga rangi alichora mstari mwekundu sakafuni, hatua tatu kutoka dirishani, na hakuna kuuvuka. Na mashine ilizimwa. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Mizigo kumi na mitatu ilipokewa kwanza mashine ikiwa kimya, kila mtu akaongea kwa sauti ya kawaida akiwa nyuma ya mstari, kisha ndipo swichi ikawashwa na hakuna kusemeshana mpaka mwisho. Wengine walinung'unika kwamba kazi imekuwa ya kobe. Bi Wasiwasi aliwaonyesha barabara. Kabla ya baridi iliyofuata alimpeleka dada yake kuchanjwa, akachanjwa na yeye, na akahakikisha pampu ya kila siku inavutwa mbele ya macho yake kila asubuhi.

Fundi redio alikuja kusema pole kwa moyo safi, bila kujua lolote. Bi Wasiwasi alimchukia wiki nzima. Kisha akajikumbuka mwenyewe, akifuta pua kwa mkono na kumkabidhi dada yake kikombe kwa mkono huo huo, wakilala chumba kimoja, akaacha kumchukia. Hakuna wa kujua yalitoka kwa nani. Angependa kujua, na anaogopa kujua.

Na foleni? Ilifika kwa wa mkokoteni. Sita. Wiki zilipita, miezi ikapita, dawa zikavutwa kwa saa yake, na bibi wa kuku, aliyekuwa wa saba, hakuwahi tena kusomwa kwa pumzi ya kwanza. Wateja walizoea. Walipiga makofi kwa muuza mikeka hata alipokuja kwa pumzi ya tatu. Bi Wasiwasi nyuma ya mbao alihesabu kila siku mpaka sita, na kila siku iliyofika sita alimshukuru Mungu, na kila siku alijiuliza likija jingine litaacha nini njiani. Mkunga, mwalimu, fundi redio. Tatu? Mtu anaishije na tatu?

Mvua za mwaka uliofuata zilianza siku ya Jumanne. Alhamisi, katikati ya debe la mwalimu, Bi Wasiwasi alipiga chafya.

Alisimama na ufagio mkononi. Miaka yote ile ndani ya unga, unga haukuwahi kumpigisha chafya. Akameza mate kupima koo. Koo lilikuwa na kitu, au halikuwa na kitu. Akameza tena. Halafu ikaja ya pili, kubwa, ikamtoa machozi. Akaanza kukumbuka asubuhi: alimfunga dada yake vifungo vya sweta, alimpulizia chai ipoe, pampu alimtikisia yeye akampa mkononi.

Alizima mashine. Hakupita mlango wa mapokezi. Alitoka kwa nyuma, akazunguka jengo kwenye manyunyu, akafika barazani mbele ya watu wote na kusimama nyuma ya mstari mwekundu, halafu akarudi nyuma zaidi, mpaka nje ya paa.

"Dada," alisema. "Funika mdomo."

Mama Mashine alimtazama kupitia dirisha lile pana, akavuta kitambaa juu. "Nani?"

"Mimi."

Shangazi mfupi alisogea taratibu upande wa ukuta.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Labda ni unga."

"Labda," Bi Wasiwasi alisema. "Leo nitalala kwa mkunga. Na kesho. Chakula nitakuwekea mlangoni."

Mama Mashine aliirekebisha kona ya kitambaa, kisha akairekebisha tena, na mara ya tatu, kama mdogo wake na mlango. Katika maisha yao yote ya pamoja, mmoja alikuwa wa kuogopa na mwingine wa kucheka. Kumbe hata yule wa kucheka anaogopa.

"Nisomee foleni," Bi Wasiwasi alisema.

"Si nimeshaisoma asubuhi."

"Nisomee, dada."

Mabega yalipanda. Kifua kikajaa mpaka kilipoweza kujaa. "Mkunga, mwalimu, fundi redio, mama mapacha, mpiga rangi, wa mkokoteni," alisoma Mama Mashine, sauti ikaanza kukonda, na Bi Wasiwasi, kidole cha sita kikiwa kimekunjwa, akangoja ile pumzi ya pili. Haikuvutwa. Dada yake aliendelea na hewa iliyobaki chini kabisa.

"Na mdogo wangu," akasema. "Simama hapo hapo."

Bi Wasiwasi alisimama hapo hapo, mvua ikimnyeshea, akisubiri chafya ya tatu.